Puto Likicheza, Usimwachishe Mtoto

Dada Zahra kaniomba niandike kitu kwa ajili yenu, nyie mabinti mlioajiriwa juzi kule Madale kurusha maputo. Kaniambia, "Andika kama unavyoongea, usipambe." Kupamba sijui. Nimeishia kidato cha nne, na naandika huku mtoto kalala mapajani, mkono mmoja umekufa ganzi. Mkikuta mahali sentensi imekatika, mjue kaamka.

Najiita mstaafu. Najua mtacheka, maana nina miaka thelathini na kidogo, na mstaafu mnayemjua nyie ni babu mwenye fimbo anayefuatilia mafao. Mie sina fimbo, na sikuagwa kwa keki. Lakini mtu aliyeacha kazi aliyokuwa anaijua kwa mikono yake, na hana mpango wa kurudi, mnataka aitwe nani? Nimechoka. Kwangu mie hiyo inatosha kuwa kustaafu.

Mmeambiwa ni kazi ya kushika puto na kuliachia. Aliyewaambia hivyo hajawahi kulishika. Kila alasiri puto moja linajazwa gesi ya haidrojeni mpaka linakupita urefu, linafungwa shingo, chini yake unaning'inizwa mwavuli mdogo, na chini ya mwavuli kiboksi cheupe kinachokaa kiganjani. Kiboksi kinapanda na puto huku kinatuma kwenye kompyuta joto, unyevu, upepo na kasi ya kupanda. Huko juu kabisa, juu ya njia za ndege, puto linapasuka na kiboksi kinarudi chini kwa mwavuli wake, kinaangukia kinakotaka. Mradi wenyewe ulianzishwa kuchunguza namna dhoruba za baharini zinavyosumbua hewa ya juu. Hilo la dhoruba likumbukeni, maana kuna watu kituoni walilisahau, na waliolipia kusahau kwao ni mie na binti yangu.

Aliyenifundisha ni Mzee Nandonde. Alirusha maputo mikoani tangu nywele zake nyeusi, akastaafu, mradi ukamwita tena kwa mkataba. Siku yangu ya kwanza nilivaa blauzi mpya ya nailoni, nimeichagua Manzese makusudi nionekane mtu wa ofisini. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Alikuwa anaitazama blauzi.

"Umekuja kazini au umekuja kutulipua?"

Nikadhani ni utani, nikacheka. Yeye hakucheka.

"Hiyo nguo ikijisugua inatoa cheche. Gesi hii haingojei kiberiti. Nenda katafute khanga. Ukirudi ndiyo nitaitika."

Nikashuka kwa mama mmoja jirani wa kituo, nikaazima khanga ya pamba, nikapanda tena kilima jasho linanitoka, nikamwamkia upya. "Marahaba mwanangu," akasema, mpole kama si yeye. "Sasa tuanze."

Kwa hiyo la kwanza ni hilo: pamba tupu, mpaka nguo ya ndani. Msione haya kukaguana. La pili, kabla ya kufungua mtungi, mwageni maji sakafuni na mlowanishe mikono. Mzee alikuwa anasema umeme wa nguoni haupendi majimaji. Miaka yote niliyokaa pale sikuona cheche, na bandani kwetu palikuwa panateleza kama machinjioni.

Kisha kuna kopo. Puto limeshiba au halijashiba, jicho halijui. Ndiyo maana shingoni pananing'inizwa kopo la mchanga lililopimwa. Puto likilinyanyua kopo na kubaki linaelea nalo palepale, halipandi halishuki, funga gesi. Likilinyakua kwa pupa, umezidisha, litapasuka mapema. Likilegea, umepunja, litapanda kama mgonjwa.

Mwenzetu Shabani, kijana wa mdomo mwingi ambaye nitamrudia, aliwahi kuliacha kopo nje, mvua ikanyesha. Kesho yake akajaza puto kwa kopo lilelile. Puto likapasuka hata halijafika katikati ya safari. Shabani akaapa kwamba hayo maputo yametoka kiwandani mabovu, tumeletewa reject, Waafrika tunaonewa. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho. Akalichukua kopo, akaliinamisha taratibu, maji ya mchanga yakamwagikia Shabani kwenye raba zake nyeupe.

"Hicho kiwanda kiko wapi tukishtaki?" akamuuliza.

Tangu siku hiyo kopo lina kifuniko. Kifuniko ni sufuria langu lililotoboka. Likiwa bado lipo, ni langu.

Jingine ambalo hamtalikuta kwenye kitabu chochote ni khanga ya puto. Madale ni vilima, upepo unakuja huku, unageuka, unakupiga kwa nyuma. Puto likitolewa bandani wazi linajibamiza mlangoni na kutoboka. Mzee akaanzisha kulifunga kwa doti nzima ya khanga, wawili mnashika pembe, mnatoka nalo kama mnambeba mwari, mnafika uwanjani, mnaachia pembe pamoja. Wageni wakija wanacheka. Acheni wacheke. Ila pembe ziachiwe pamoja. Ukichelewa wewe, khanga inaondoka na puto. Yangu moja iliondoka hivyo. Kuna mtu hapa mjini anajifunga.

Na viboksi vinaanguka popote. Kimoja kiliangukia mtaani kwetu kwenyewe, Manzese, juu ya paa la gereji. Natoka kazini, nimeshampitia mtoto kwa bibi yake, nakuta watu wamejaa, mjumbe wa mtaa kasimama mbele na upawa wa kuazima mkononi, fundi mmoja amepanda ngazi na anatangaza hali kutoka juu.

"Kina mkia! Kina uzi mrefu!"

"Usikishike kwa mkono," mjumbe anamwambia. "Hicho kimetumwa."

"Kimetumwa na nani?" nikauliza kwa nyuma.

"Mama Tunu, wewe kaa mbali na mtoto wako. Hivi vitu vinatafuta nyumba."

Nikapanda ngazi na mtoto mgongoni, nikakichukua, nikamwonyesha mjumbe maandishi ubavuni yanayosema ni kifaa cha kupimia hewa. Akasoma. Akakigeuza, akasoma tena. Kisha akasema, "Mbona hawasemi ni hewa ya nani?" Mpaka leo wapo wanaonikwepa. Kwa hiyo kwenye viboksi vyenu andikeni kwa herufi kubwa kwamba si bomu na si hirizi, na muweke namba ya simu ya kituo. Msiweke zenu.

Sasa nije kwenye lile lililonifanya nikubali kuandika.

Tunu ni mwanangu wa kwanza. Nilitoka likizo ya uzazi nikarudi kwenye puto, Tunu nikimwacha Manzese kwa mama mkwe wangu, ambaye sote tunamwita Bi Mkubwa. Asubuhi nakamua maziwa naacha kwenye kikombe chenye mfuniko. Lakini kifua hakijui ratiba ya kazi. Kila alasiri, nikishaanza kufunga shingo ya puto, mikono yote miwili juu, maziwa yanashuka yenyewe na khanga inalowa mbele. Mzee Nandonde alikuwa anageuka pembeni na kusema, "Huyu yuko salama kuliko wote, umeme haumwezi." Utani wake ulikuwa hauchomi.

Ulikuwa msimu wa joto na mvua za ghafla. Wiki ile ile niliyorudi, maputo yakaanza kucheza.

Niwaeleze kucheza ni nini. Kwenye kompyuta kasi ya kupanda inachorwa mstari. Siku ya kawaida mstari unakwenda umenyooka, na vitetemo vidogovidogo. Puto linalocheza linanyooka huku chini, likifika juu linaongeza kasi, linapunguza, linaongeza, linapunguza, kama mtu anayepumua. Mstari unakuwa mawimbi.

Shabani ndiye aliyekuwa kwenye kompyuta. "Jamani," akaita, "puto la Mama Tunu leo linacheza singeli."

Tukacheka wote. Mie pia nilicheka, tena nikatikisa bega kidogo. Kesho kutwa yake likacheza tena. Shabani akageuka, akaiona khanga yangu ilivyolowa.

"Aa, nimeelewa. Kalifunga mwenye maziwa. Linataka kurudi chini likanyonye."

Kicheko kingine. Lakini dereva hakucheka. Akasema kwao mama anayenyonyesha hapandi kwenye paa linaloezekwa, paa litavuja. Mlinzi naye akakumbuka la kwao. Mnajua ofisi zilivyo: mzaha ukishapata mashahidi wawili unaitwa uzoefu. Mwezi haujaisha, puto likicheza hakuna anayeuliza hewa ikoje. Wanauliza, "Leo kafunga nani?" Na siku ambazo alifunga mwingine na likacheza, wanasema nilishika khanga.

Msimamizi wetu wakati huo alikuwa Bosi Mkude. Msomi, mtu wa lugha nzuri, hajawahi kunipazia sauti. Heri angepaza. Aliniita ofisini, akanikalisha.

"Mama Tunu, mimi binafsi mambo haya siyaamini, unanielewa."

"Nakuelewa, bosi."

"Lakini nina mradi. Takwimu zikichafuka naulizwa mimi. Hizo za kucheza nilikuwa nazisafisha kabla ya kuzituma mjini, ila zimekuwa nyingi. Na vijana wana maneno. Tufanye hivi: ukishamwachisha mtoto, utarudi kwenye puto. Kwa sasa kaa mapokezi."

Kituo hakikuwa na mapokezi. Kilikuwa na kiti mlangoni.

Nikamfuata Mzee Nandonde. Alikuwa ananawa mikono bombani.

"Mzee, mkono wangu una kosa gani?"

"Hauna."

"Maputo yanachezea nini?"

Akafunga bomba, akajifuta. "Puto lililojazwa vibaya linakuwa vibaya toka mlangoni. Lako linatoka hapa linapanda kama inavyotakiwa, linakwenda kuanza vituko huko juu. Hilo si la mkono. Ni la nini, sijui, mwanangu. Nimeliona miaka mingi, sijalijua."

"Basi kamwambie Bosi Mkude."

Akatazama chini. "Mkataba wangu wanauhuisha kila mwaka. Anayeweka sahihi ni yeye."

Nyumbani kwake alikuwa na mke mgonjwa, nilijua. Lakini nilikaa kwenye kile kiti na hasira zangu, siku baada ya siku, nikiwaona wanatoka bandani na puto kwenye khanga, Shabani kashika pembe yangu na anaachia kwa kuchelewa. Kazi unayoijua ukiwa unaitazama inafanywa ovyo mbele yako, inachosha kuliko kuifanya.

Nikaamua kumwachisha.

Bi Mkubwa akaniona nimekuja na shubiri kwenye karatasi. "Ya nani hiyo?"

"Ya Tunu."

"Mtoto hajafikisha hata mwaka."

"Najua, mama. Ni kazi."

"Kazi gani hiyo inayotaka maziwa ya mtoto?"

Nikamweleza habari ya puto. Alinisikiliza mpaka mwisho, mtu mzima aliyezaa saba na kuzika wawili, mwenye miiko yake ya kutosha na anayeifuata. Akasema, "Mie nina mambo mengi ninayoyaamini, lakini hilo ni la kipumbavu." Akainuka, akaenda kukoroga uji, maana alijua nitafanya.

Nikapaka matitini. Shubiri kama hamuijui, ni uchungu unaokaa mpaka kwenye meno. Tunu alikuja kama kawaida yake, anacheka, mkono mmoja unanivuta kola. Akashika, akaachia. Hakulia. Akanitazama. Akatoa ulimi, akagusa kwa ncha, polepole, akanitazama tena. Alikuwa ananiuliza, na hajui kuongea. Aliporudia mara ya tatu ndipo akalia, na hakulia kwa uchungu wa mdomoni, nyie mkizaa mtaijua tofauti. Kifua kilinivimba nikashindwa kulala kwa ubavu. Nilijifunga khanga ngumu, nikameza dawa za maumivu, nikanyamaza. Maziwa yakakauka. Nikaenda kumwambia Bosi Mkude tayari.

"Safi," akasema. "Karibu tena kwenye timu."

Nikarudi kwenye puto, na puto likanyooka.

Lilinyooka la kwanza, la pili, wiki nzima, mwezi. Kipupwe kilikuwa kimeingia, mvua zimekwisha, bahari imetulia huko mbali. Lakini nani alikuwa anafikiria bahari? Shabani aligonga meza kwa kidole. "Si mnaona? Si mnaona wenyewe?" Dereva akatikisa kichwa kama shehe aliyejibiwa dua. Na mie, hapa ndipo panaponichoma mpaka kesho, mie mwenyewe nikaamini. Nilimtazama mwanangu anakunywa uji nikasema moyoni, kumbe kweli yalikuwa maziwa. Niliuchukia mwili wangu kwa mistari ya kwenye kompyuta.

Msimu wa joto ukarudi. Siku moja tukaambiwa atakuja mtaalamu kutoka ofisi ya mjini, kule maputo yetu yanakosomwa. Redioni walikuwa wametangaza dhoruba kubwa baharini, mbali sana, upande wa Madagaska, hata pwani yetu hawakuitia hofu. Madale mbingu ilikuwa nyeupe, kavu, nguo zinakauka ukiwa bado unaanika. Bosi Mkude akataka mgeni aone kazi safi, kwa hiyo akasema ajaze Mzee Nandonde, afunge Mzee Nandonde, mwingine asiguse. Mie nilishika pembe ya khanga tu, kwa sababu nilikuwa sinyonyeshi.

Mgeni ndiye Dada Zahra. Nilitegemea mzungu au mzee wa tai. Akashuka dada wa Kihindi mwembamba, kajitanda, viatu vya raba. Akamwamkia Mzee shikamoo kabla ya kumpa mkono bosi, akaniuliza, "Na hii khanga ya nini, dada?" Nikamweleza. Akasema, "Akili kubwa," akashika pembe ya pili. Tukaachia pamoja.

Tukaingia kwenye kompyuta. Mstari ukaanza umenyooka, unapendeza. Bosi Mkude kakunja mikono anatabasamu. Puto likapanda, likapita pale ambapo mawingu ya kawaida yangekuwepo, likapanda tena. Kisha likaongeza kasi. Likapunguza. Likaongeza. Sikuwahi kuona wimbi pana vile hata siku zangu mbaya.

"Mashine imeharibika," akasema Shabani.

Dada Zahra alikuwa ameshavuta kiti. Kasogeza uso karibu na kioo kama anasoma jina lake. "Haijaharibika," akasema. "Hii ndiyo niliyokuwa naisubiri tangu mradi uanze. Mnanitumiaga mistari imenyooka kama rula, nikaanza kuamini mawimbi hayafiki kwetu."

"Mawimbi gani?" nikauliza.

Akanieleza, na nyie nitawaeleza nilivyoelewa. Dhoruba kubwa baharini inaisukuma hewa juu kwa nguvu. Ile hewa ikifika juu inakuta tabaka tulivu lisilozoea kusukumwa. Inapanda kuliko nafasi yake, uzito wake unairudisha, ikirudi inapitiliza chini, inapanda tena. Huo mtikisiko unasambaa pande zote na kwenda juu, unasafiri mbali kuliko mawingu yenyewe. Mie nilimwambia ni kama kitanda cha springi: baba mtu akijitupa upande wake, mtoto upande wa ukutani anarushwa, na hakuna aliyemgusa. Dada Zahra akacheka, akasema hata chuoni hawakumweleza vizuri hivyo. Puto letu ndilo mtoto wa upande wa ukutani. Linapita kwenye hewa inayopanda na kushuka, nalo linapandishwa na kushushwa. Aliyelifunga hausiki.

"Ila msirukie kila kitu mkasema ni dhoruba," akaongeza. "Kujaza vibaya kupo. Vilima navyo vinatikisa. Lazima uangalie na upepo unavyogeuka kadiri unavyopanda, na baharini kuna nini."

"Miezi ile ya mwaka jana," nikasema, "tulikuwa nayo mengi kama hili."

Akageuka. "Yako wapi?"

Nikamtazama Bosi Mkude. Dada Zahra naye akamtazama.

"Tuliyasafisha," akasema Bosi Mkude. "Tulidhani ni kasoro ya ujazaji."

"Mliyasafisha," Dada Zahra akarudia. Aliinamisha kichwa kama mtu aliyeambiwa msiba wa mbali.

Hapo nikageuka kwa wote, kwa Shabani na dereva aliyekuwa mlangoni. Sikupandisha sauti, sikuwa nayo. Nikasema, "Leo kafunga Mzee Nandonde. Sasa na yeye tumwachishe nini?"

Hakuna aliyecheka. Mzee alikuwa anaitazama mikono yake, akaificha mfukoni. Shabani akatoka nje, akasema anakwenda kuangalia mitungi. Bosi Mkude akakohoa. "Basi, tumejifunza," akasema. "Tuendelee na kazi."

Neno la pole sikulisikia siku ile, na wiki ile halikuja. Mzee ndiye alinifuata baadaye bombani. "Mwanangu," akasema, kisha akashindwa, akafungua maji. Nilimwacha anawe. Dada Zahra alikuja kuambiwa habari ya Tunu na yule mama jirani wa kituo aliyeniazima khanga, wala si na mie, na alipojua alinipigia simu usiku huohuo.

Mtaniuliza kwa nini basi niliondoka, wakati ukweli ulishajulikana. Nilikaa. Nilijifunza kusoma mistari, Dada Zahra akinifundisha kwa simu. Kisha nikapata ujauzito wa pili, nikaenda kumwarifu bosi.

"Hongera sana. Ukirudi kutoka uzazi tutapanga kama kawaida."

"Kawaida ipi?"

"Ile ya mapokezi. Mpaka mtoto amalize kunyonya."

"Bosi, si tulishajua ni dhoruba?"

"Tulijua," akasema, kwa ile sauti yake nzuri. "Lakini watu wameshazoea hivyo. Hatutaki maneno."

Nilirudi nyumbani siku ile na kitambulisho cha kazi nimekiacha kwenye kile kiti cha mlangoni. Sasa Bosi Mkude kahamishwa, kituo kiko chini ya Dada Zahra, ndiyo maana nyie mmeajiriwa. Kaniita nirudi. Nimemwambia hapana. Si kwamba namkasirikia yeye. Nguvu ya kuingia tena mlango ule, nipite kiti kile, sina. Nyie mnazo.

Lakini Dada Zahra naye ataondoka siku moja, wasimamizi hubadilika. Siku hiyo mtakuwa wenyewe, na mmoja wenu atakuwa ananyonyesha, na ni msimu wa joto, na puto litacheza. Mtu ataruka na mzaha. Msicheke pamoja naye kama nilivyocheka mie. Kaa kwenye kompyuta, angalia limeanzia wapi kucheza: chini ni kopo lako, juu ni hewa. Uliza baharini kuna nini. Uandike, uutume ule mstari mjini na mawimbi yake yote, asiusafishe mtu. Na kama watakupa kiti cha mlangoni, kikalie huku mtoto wako ananyonya, au ondoka huku ananyonya. Shubiri usinunue.

Kaamka huyu. Anaitwa Idrisa, ana mwaka na miezi, na bado ananyonya.

Tunu yuko shule ya awali sasa, anaongea kupita redio. Ana afya, namshukuru Mungu. Ila kuna kitu kimoja. Ukimpa chakula kipya, hata pipi, hata embe aliloliona linamenywa, hatii mdomoni. Anatoa ulimi, anagusa kwa ncha polepole, halafu ananitazama usoni kabla ya kuendelea. Walimu wanasema ni tabia tu, itaisha.

Idrisa hana tabia hiyo. Huyu anashika tu, amefumba macho.